Dawa za Parkinson: maswali mnayotuuliza kila siku, na majibu ya sisi tunaoishi nazo

Haya maswali yametoka kwa wagonjwa wenyewe na kwa sisi tunaowauguza, wengi wa Kilimanjaro, Arusha na Dar, wengine Tanga, Mombasa na Nairobi. Mimi namuuguza baba yangu. Sio daktari, na dozi anapanga daktari, hilo liko wazi, ila kuna mambo mengi ya hizi dawa ambayo daktari hana nafasi ya kuyasema kliniki wakati foleni iko mpaka nje ya mlango, na hayo hayo ndo yanaamua kama mzee ataamka afunge vifungo vya shati mwenyewe au atashinda kitandani. Kuna kitu kimoja nitakirudia sana humu: dawa za Parkinson zinakwenda na saa. Kidonge kile kile, mtu yule yule, ukikosea saa siku nzima imeharibika.

Hii dawa inaponya au inatuliza tu?

Inatuliza. Ya kuponya haijapatikana. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini, bila hiyo mwili unakuwa mzito, mikono inakakamaa, hatua zinakuwa fupi fupi, wengine wanatetemeka. Seli hizo zinakufa taratibu na mpaka dalili zionekane tayari nyingi zimeshakwenda. Sasa dopamini yenyewe ukiimeza haifiki kwenye ubongo, ndo maana tunameza levodopa, hiyo inapenya halafu ubongo wenyewe unaigeuza kuwa dopamini.

James Parkinson, daktari wa London, aliuandika huu ugonjwa mwaka 1817, halafu watu wakakaa miaka zaidi ya 100 bila dawa ya maana. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden akaonyesha sungura waliolegea kabisa wakiamka baada ya kuchomwa levodopa, na mwaka 1967 George Cotzias huko New York akawapa wagonjwa kwa mdomo, akiipandisha dozi kidogo kidogo, watu waliokuwa hawajiwezi wakatembea. Carlsson alikuja kupata Nobel mwaka 2000. Mpaka leo levodopa ndo dawa yenye nguvu kuliko zote za huu ugonjwa, zingine zote zinaisaidia au zinajaribu kuirefusha.

Kijijini wanasema ni uzee, wengine wanasema amerogwa. Kweli tumpe dawa za hospitali?

Mpe, tena usichelewe. Wilaya ya Hai pale Kilimanjaro watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye eneo la watu kama 161,000 wakawakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, utafiti ulitoka mwaka 2008, na wengi kati yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wamekaa tu ndani, familia zinadhani ni miaka imesogea. Uzee haumfanyi mtu atetemeke mkono mmoja akiwa ametulia, haumfanyi ashindwe kugeuka kitandani, hauuli uso ukawa hauonyeshi furaha wala hasira. Ukiona hivyo nenda ukamwone daktari wa mishipa ya fahamu, na kama huko uliko hayupo anza na daktari yeyote wa magonjwa ya ndani, akishuku akuandikie rufaa.

Na sio ugonjwa wa wazee peke yao. Muhammad Ali aliambiwa mwaka 1984 akiwa na miaka 42, Michael J. Fox, mwigizaji wa filamu wa Marekani, aliambiwa akiwa na miaka 29. Kwa hiyo kijana wa miaka 35 akianza kuburuza mguu msiseme ni uvivu.

Tumeambiwa tusianze levodopa mapema, eti ina miaka yake halafu inaisha nguvu. Ni kweli?

Hili swali linaniuma kwa sababu kuna watu wanateseka bure kwa ajili yake. Mama mmoja alikaa muda mrefu sana hawezi hata kujilisha, dawa ziko kabatini, anaziweka akiba kwa ajili ya "nikizidiwa". Jamani hii dawa haiwekwi akiba.

Ghana walifanya kitu kizuri sana, wakawafuatilia wagonjwa ambao walichelewa kupata levodopa kwa sababu ya umaskini na umbali, wakawalinganisha na wagonjwa wa Italia waliopata mapema. Ilitoka mwaka 2014. Kilichoonekana ni kwamba dawa kuisha kabla ya saa na mwili kucheza wenyewe vinakuja kutokana na ugonjwa umekaa miaka mingapi, na dozi ni kubwa kiasi gani, sio kwamba umemeza dawa miaka mingapi. Waliochelewa hawakupata nafuu yoyote kwa kuchelewa, shida ziliwakuta pale pale. Halafu Uholanzi wakafanya mwaka 2019, wagonjwa 445, nusu wameanza levodopa moja kwa moja na nusu wamesubiri wiki 40, mwisho wa yote wakawa sawa tu. Haikupunguza mwendo wa ugonjwa na haikuwadhuru.

Kwa vijana daktari anaweza kuamua kuanza na dawa ya aina nyingine kwanza, ana sababu zake, kwa sababu vijana mwili unaanza kucheza wenyewe mapema zaidi wakiwa kwenye levodopa. Hilo ongeeni naye. Ila kumnyima mzee wa miaka 70 dawa inayomsimamisha, hapana.

Siku za kwanza ikoje? Mama ametapika kakataa kabisa.

Kichefuchefu siku za mwanzo ni cha kawaida sana na kwa wengi kinapungua mwili ukizoea. Daktari mzuri anaanza na dozi ndogo, nusu kidonge, anapandisha polepole. Hizo siku za mwanzo unaruhusiwa kumpa na kitu kidogo tumboni, kipande cha mkate mkavu, ndizi, uji mwembamba wa maji usio na maziwa. Baadaye ndo mnahamia kumeza tumbo likiwa tupu.

Msitegemee muujiza siku ya kwanza pia. Kuna wanaosema ndani ya lisaa walihisi mwili unafunguka, kuna wengine ilichukua wiki kadhaa mpaka dozi ikafika panapotakiwa. Na kutetemeka ndo mara nyingi kunakuwa kwa mwisho kupungua, wengine hakuishi kabisa, lakini angalia vitu vingine: anageuka kitandani? anainuka kwenye kiti bila kushikwa? mwandiko wake umekuwa mkubwa kidogo? Hapo dawa inafanya kazi hata kama mkono bado unatikisika.

Mkimtafutia dawa ya kuzuia kutapika soma kwanza swali la kulazwa hospitali huko chini, pale nilipoitaja Plasil, hiyo ni dawa ya kutapika inayofunga dopamini. Tafadhali.

Zile namba kwenye boksi zina maana gani?

Hili nataka kila mtu alielewe, chukua boksi lako uliangalie sasa hivi. Kidonge cha levodopa karibu kila mara kina vitu viwili ndani, levodopa yenyewe na mwenzake kabidopa (Sinemet, Syndopa) au benserazidi (Madopar). Huyo mwenzake kazi yake ni kuilinda levodopa isigeuzwe dopamini njiani kabla haijafika kwenye ubongo, maana ikigeuzwa njiani ndo unapata kutapika na presha kushuka.

Sasa kuna vya 25/100, yani kabidopa miligramu 25 na levodopa 100. Kuna 10/100. Kuna 25/250. Wengine wanajumlisha, ndo unaona boksi limeandikwa 275, hiyo ni 250 na 25, au 110, hiyo ni 100 na 10. Mzee mmoja wa Arusha alikuwa anatumia za 100, famasi zikawa zimeisha, muuzaji akampa za 275 akamwambia ni dawa ile ile. Ni ile ile kweli, ila levodopa ni mara mbili na nusu. Alimeza kidonge kizima kama alivyozoea, siku tatu yuko anajirusha rusha, halali, anaona watu ukutani, familia ikadhani ndo mwisho.

Na 10/100 ina shida yake ya upande wa pili. Mwili unahitaji kabidopa kama miligramu 70 mpaka 100 kwa siku ili levodopa ilindwe vizuri. Vidonge vitatu vya 25/100 vinakupa 75, sawa. Vitatu vya 10/100 vinakupa 30 tu, mtu anatapika kila siku na anaambiwa dawa imemkataa, kumbe ni namba. Kama mgonjwa wako anatapika haiishi, peleka boksi kwa daktari umuulize hilo.

Kama ni vile vya kuachia dawa polepole usivivunje wala kuvisaga, vimezwe vizima.

Anameza vizuri tu lakini asubuhi dawa haishiki. Kwanini?

Kwanza niambie anameza na nini. Nauliza kwa sababu hapa kwetu nyumba nyingi dawa inamezwa na chai ya maziwa, au inamezwa katikati ya bakuli la mtori. Levodopa ni jamaa mmoja na protini, na zote zinagombania mlango mmoja wa kuingilia, kwanza kwenye utumbo halafu tena kwenye ubongo. Ukimpa na maziwa, nyama, mayai, maharage, dagaa, protini zinajazana mlangoni na dawa inabaki nje. Mtu anasema dawa feki. Dawa sio feki, imekosa njia.

Tunachofanya wengi wetu: dawa na maji, glasi nzima, nusu saa kabla ya kula, au kama ameshakula basi lisaa au zaidi baada ya kula. Chai ya rangi sawa. Chakula cha mchana kinakuwa ugali na mboga za majani, ndizi, viazi, wali, na nyama au samaki au maharage inasogezwa usiku wakati hana safari wala kazi. Hii ya kusogeza protini usiku inawahusu zaidi wale ambao dawa imeanza kuwaishia kabla ya saa, mgonjwa mpya hana haja ya kujinyima. Na msimwondolee protini kabisa, wagonjwa hawa wanakonda vibaya, anazihitaji, ni suala la saa tu.

Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, navyo vinaishika levodopa tumboni isiingie. Viachanishe kwa masaa mawili au zaidi.

Halafu choo. Watu wanaona aibu kuuliza ila nitasema, mtu asiyepata choo siku nne dawa inachelewa kupita kwa sababu tumbo zima limelala. Maji mengi, papai, mboga za majani, kutembea, na ikishindikana muombe daktari dawa ya kulainisha. Kwa baba yangu hili peke yake lilibadilisha asubuhi zake zote.

Zamani kidonge kilimtosha mpaka jioni, siku hizi kinaisha masaa mawili kabla. Amezoea dawa?

Hapana, ugonjwa umesogea. Mwanzoni ubongo una seli za kutosha za kuitunza dopamini na kuitoa kidogo kidogo, kwa hiyo hata ukichelewa saa huoni kitu. Seli zikipungua ubongo hauna tena pa kutunzia, unategemea kilichoko kwenye damu, na levodopa kwenye damu inapungua nusu ndani ya kama saa moja na nusu. Ndo unasikia wagonjwa wanasema "dawa imeshika", "dawa imeniachia". Ikimwachia anaweza kuganda katikati ya mlango, sauti inapotea, anatoka jasho, wengine wanapata wasiwasi mkubwa sana wanadhani ni moyo. Wengine alfajiri vidole vya mguu vinajikunja vinauma kweli, hiyo nayo ni dawa ya usiku imeisha.

Msiongeze vidonge wenyewe. Andikeni. Daftari la shule la kawaida, upande mmoja saa aliyomeza, upande mwingine saa iliyoshika, saa iliyomwachia, na alikula nini. Wiki moja inatosha. Daktari akiona kwamba alimeza saa kumi na mbili, ikashika saa kumi na mbili na nusu, ikamwachia saa tatu na dozi inayofuata ni saa sita, hana haja ya kukisia, anasogeza masaa, au anagawanya dozi ndogo ndogo za mara nyingi, au anaongeza dawa ya kuirefusha kama entakaponi au rasajilini.

Na saa ni saa. Alamu ya simu, tena simu ya anayemuuguza, sio ya mgonjwa peke yake. Sisi tumeweka pia vidonge na chupa ya maji pembeni ya kitanda usiku, ile dozi ya kwanza anaimeza kabla hata hajakanyaga chini.

Mwili unacheza wenyewe, kichwa kinazunguka zunguka, majirani wanasema ana mapepo.

Hiyo ni dawa imepanda juu sana kwa muda huo, sio mapepo na sio pombe. Wengi wanakuwa hivyo lisaa baada ya kumeza halafu inatulia. Cha kushangaza wagonjwa wengi wenyewe wanakwambia bora nicheze kuliko kuganda, kwa sababu akiwa anacheza anaweza kwenda chooni mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujamlalamikia daktari kwa niaba yake muulize yeye kama inamsumbua. Kama inamsumbua, anaanguka, anakonda, daktari anaweza kupunguza kila dozi na kusogeza masaa, au kumpa amantadini. Hiyo amantadini inaweza kumtoa mabaka ya zambarau miguuni na kumvimbisha vifundo vya miguu, muonyesheni daktari.

Sisi tumepewa Artane tu. Inatosha?

Artane, wengine wanaijua kama benzeksoli, ni dawa ya zamani kuliko levodopa, bei yake ni rahisi na inapatikana hata wilayani kwa sababu inatumika sana kliniki za afya ya akili. Inasaidia kutetemeka, hasa kwa kijana. Uzito wa mwili na kutembea haisaidii sana. Kwa mzee ni dawa ya kuogopa: mdomo unakauka, mkojo unagoma kutoka, choo kinafunga, anasahau, anachanganyikiwa hata jina la mjukuu limempotea. Familia zinadhani Parkinson imepanda kichwani, ikipunguzwa Artane mzee anarudi. Kama mzee wako ana zaidi ya miaka 65 na yuko kwenye Artane na amebadilika akili, rudi kwa daktari wiki hii. Usiikate ghafla mwenyewe, hii nayo inapunguzwa taratibu.

Mume wangu tangu aanze dawa mpya anabeti usiku na mchana. Inahusiana?

Dada, inahusiana, na pole sana. Dawa kama pramipeksoli na ropiniroli zinaweza kumwasha mtu tamaa ambayo hakuwa nayo: kubeti, kununua vitu hovyo, kula bila kushiba, au kutaka tendo la ndoa kupita kiasi. Mtu ambaye hajawahi kuweka mkeka maisha yake yote anauza shamba. Na anaficha, kwa sababu anaona aibu na hajui kwamba ni kidonge. Usimpigie kelele, mwende wote kwa daktari mseme wazi, akipunguza dozi kwa wengi inatulia. Ila ipunguzwe na daktari, kuikata ghafla kunaleta wasiwasi na huzuni kali. Kwa sasa mshikie kadi ya benki na namba ya siri ya pesa za simu.

Dawa hizo pia zinaweza kumlaza mtu ghafla, yuko anaongea anasinzia. Asiendeshe gari wala pikipiki mpaka mjue zinamfanyaje.

Anaona watu ambao hawapo.

Mara nyingi ni watoto wadogo au wanyama, wengine hawawaogopi kabisa, wanakwambia tu "yule mtoto amerudi". Kwanza pima malaria, pima mkojo, angalia kama amekunywa maji, maana homa au maambukizi ya mkojo yanamchanganya mzee haraka sana. Halafu daktari aangalie dawa, kawaida anaanza kupunguza zile za pembeni kama Artane na amantadini kabla ya kugusa levodopa. Kitu ambacho hakitakiwi ni kumchoma haloperidoli au Largactil ili atulie, hizo zinafunga dopamini ile ile tunayoitafuta, mtu anaamka hawezi kumeza hata mate. Zipo zingine zinazovumilika zaidi kama kwetiapini, daktari anazijua.

Mkojo na jasho vimekuwa vya kahawia, shati jeupe limeharibika.

Levodopa hiyo, haina madhara. Entakaponi inafanya mkojo wa rangi ya chungwa. Mvalisheni fulana za rangi nyeusi.

Akisimama anapata kizunguzungu.

Presha inashuka akisimama, ugonjwa unafanya hivyo na dawa zinaongezea. Akae kwanza pembeni ya kitanda, achezeshe miguu, ndo asimame. Maji ya kutosha. Na kama alikuwa anameza dawa za presha ya kupanda kabla ya Parkinson, daktari azipitie upya, wengi hawazihitaji tena kwa dozi ile.

Upupu unatibu Parkinson? Kuna mtu anauza unga wake.

Hauponyi, ila ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani, hilo sio hadithi za waganga, India wameitumia zamani sana. Bolivia waliwajaribu wagonjwa 18 na matokeo yalitoka mwaka 2017, dozi moja ya unga wa mbegu za kuchoma ikafanya kazi vizuri tu ukilinganisha na vidonge. Lakini wale wale walipojaribu kuwapa watu 14 kila siku kwa wiki kadhaa, nusu yao waliacha njiani kwa sababu ya tumbo au hali kuwa mbaya. Kumbuka upupu hauna kabidopa ya kuilinda. Na unga wa kununua mtaani hujui una levodopa kiasi gani, leo kidogo kesho nyingi, na ukiumeza juu ya vidonge umezidisha dozi bila kujua. Mwenye vidonge abaki na vidonge. Na kama mgonjwa anatumia tayari, mwambieni daktari ukweli, msifiche, kwa sababu atapandisha dozi akiwa hajui kuna nyingine inaingia.

Amelazwa kwa ugonjwa mwingine. Tuangalie nini?

Hapa ndo tunapoteza watu. Mzee alilazwa kwa ajili ya kufanyiwa upasuaji wa ngiri, hospitali sitaitaja, akatapika, akachomwa Plasil, jioni akaganda mwili mzima. Na dawa zake za Parkinson zilikuwa kwenye droo ya nesi zikisubiri saa ya kugawa dawa wodi nzima.

Andika kwenye karatasi kubwa ubandike juu ya kitanda na kwenye faili: ANA PARKINSON, ASIPEWE Plasil, Stemetil, Phenergan, Largactil, haloperidoli. Kwa kutapika waulize kuhusu domperidoni, na ukiwa na mgonjwa wa moyo uwaambie kabla. Kama anameza selejilini au rasajilini waambie kabla ya upasuaji, kwa sababu hazipatani na pethidini wala tramadoli za maumivu. Na omba kwa heshima sana ila usikubali kukataliwa: dawa zake za Parkinson apewe kwa saa zake yeye, sio saa za wodi. Manesi wengi ukiwaeleza vizuri wanaelewa, wengine watakuachia umpe mwenyewe. Siku anayotakiwa asile kwa ajili ya upasuaji muulize daktari wa usingizi kama anaweza kumeza kidonge na maji kidogo, wengi wanaruhusu.

Dawa zimeisha mjini, tukae tu mpaka zije?

Hapana. Kukata levodopa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa kama mti, na kuchanganyikiwa, na hiyo inaua. Ukiona homa na kukakamaa baada ya kukosa dawa kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie dawa iliisha lini.

Tunachofanya ni kutosubiri karatasi ya mwisho ya vidonge. Ikibaki ya wiki mbili anza kutafuta, pigia famasi tatu nne, za karibu na hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC zina uwezekano zaidi wa kuwa nazo, na mtu akitoka Nairobi au Dar muagize akiwa na picha ya cheti. Kama umepata kampuni nyingine ni sawa, ila soma namba mbili kwenye boksi, na zikiwa tofauti daktari akupangie vipande. Levodopa na kabidopa ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo mna haki ya kumuuliza mganga mkuu wa wilaya yenu kwanini haipo, muulizeni, tena kwa barua.

Ramadhani afunge?

Mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, iko wazi kwenye Qur'ani, na asiyetarajia kupona anatoa fidia kwa kulisha maskini. Lakini najua wazee wetu, kumwambia asifunge ni kumwambia ameshatolewa kwenye watu. Mzee mmoja wa Tanga alikuwa anaruka dozi zote za mchana kimya kimya, mtoto wake akagundua alipoanguka chooni. Mgonjwa wa mwanzo mwenye dozi chache anaweza kukaa na daktari wiki kadhaa kabla wakaangalia kama inawezekana kuzipanga daku na futari. Anayemeza kila baada ya saa tatu au nne, hapana. Mleteni shekhe nyumbani amwambie yeye mwenyewe, kauli ya shekhe inampa amani ambayo kauli ya mtoto haimpi.

Kliniki twende na nini?

Daftari la masaa. Maboksi yote ya dawa, ya Parkinson na ya presha na ya sukari na hata ya mitishamba, sio kutaja kwa kumbukumbu, boksi lenyewe. Video fupi ya simu mliyomchukua dawa ikiwa imemwachia, kwa sababu mara nyingi akifika mbele ya daktari dawa imeshika, anatembea vizuri, daktari anaandika anaendelea vizuri na mnarudi nyumbani na dozi ile ile. Maswali matatu yameandikwa, lile linalouma zaidi la kwanza. Mwacheni mgonjwa aongee mwenyewe, sauti yake ni ndogo na anachukua muda kutoa neno, msimkatishe wala msimjibie. Na bebeni dozi yake ya saa sita na chupa ya maji, maana foleni inaweza kuipita hiyo saa mkiwa bado benchi.